Maziwa Yaliyogoma

Mkuu wa kituo alicheka hadi akakohoa. "Sajini, leo umepata kesi ya watu wa chizi. Chunga usirudi hapa ukiwa chizi."

Sajini Nyasuguta hakucheka. Hakuna kesi ya kuchekesha aliyowahi kupewa ikabaki ya kuchekesha mpaka mwisho. Alichukua kofia yake, akatembea hadi ukumbi ulioko nyuma ya soko la Rongo, akaomba jikoni pawe ofisi yake, kwa sababu jikoni ndiko kulikokuwa na meza.

Habari yenyewe aliielewa upesi. Watengenezaji jibini, au chizi kama wanavyoiita wenyewe, wa Migori na Homa Bay walikuwa wamekutana kwa siku nne ili wafundishane kazi na wajuane. Siku ya kwanza walijuana kwa maneno matamu. Siku ya pili walipika pamoja, na hapo ndipo walipojuana kweli. Kila nyumba ilileta maziwa yake, yakamiminwa katika sufuria moja kubwa ili litoke jibini moja la kikundi. Truphena wa Rangwe, mama aliyekianzisha kikundi hicho, ndiye aliyeshika mwiko. Alitia reneti, ile dawa ya kugandisha maziwa, akafunika, watu wakaimba. Walipofunua, maziwa yalikuwa majimaji vilevile. Wakangoja. Wakaimba tena, safari hii bila nguvu. Hadi jioni maziwa yalikuwa hayajaganda, na neno wizi lilikuwa limeshatajwa.

Kwani katika mkoba wa Truphena palikuwa na chupa ya reneti. Watu wakajumlisha: ameificha dawa ya kweli, akatia maji kwenye sufuria ya wenzake. Mwenyekiti Ryoba, mzee Mkuria kutoka Kehancha, akapiga ripoti. Kikao kilipangwa alasiri ya siku ya tatu. Truphena akionekana mwizi, atafukuzwa kikundini, sufuria ya kikundi iliyokuwa iwekwe kwake itapelekwa kwa mwingine, na yeye mwenyewe atapanda gari la polisi mbele ya watu aliowafundisha kazi.

Mpishi wa ukumbi, Emmaculate, aliweka kikombe mbele ya sajini. Chai ilikuwa na rangi ya udongo mwekundu.

"Umetia majani kiasi gani humu?"

"Kawaida tu, madam. Hiyo chai imekataa kuwa nyeupe tangu asubuhi. Nimeongeza maziwa mpaka nimechoka."

Nyasuguta alionja. Chai ilimteleza ulimini kwa namna asiyoipenda. Akakisukuma kikombe pembeni, akaagiza Truphena aitwe.

Truphena aliingia akiwa amejifunga leso kiunoni, kama mtu aliyeitwa kutoka kazini. Hakuwa amelala vizuri.

"Hii chupa ilipatikana kwa mkoba wako," Nyasuguta alianza.

"Ni yangu. Jeremiah alinipa."

"Alikupa ama ulijipa?"

"Muulize, madam. Si yuko hapo nje?"

"Nitamuuliza. Maziwa ya jana uliipima?"

"Nilipima. Kila mtungi nilichota kijiko nikachemsha. Maziwa ikiwa imeanza kuchacha, inakatika kwa moto. Hakuna iliyokatika."

"Ukaionja pia?"

Truphena alitazama dirishani. "Ya wengine nilionja."

"Na ya nani hukuonja?"

"Ya kwetu. Aliileta bwanangu, Elkana. Mtu anaonja maziwa ya kwake ili aone nini?"

"Mama Truphena, unajua ni nini ilifanyika?"

"Lawama ni yangu, madam. Mimi ndio nilishika mwiko. Andika hivyo tuende."

Nyasuguta hakuandika. Katika kazi yake alikuwa ameona wenye hatia wakilia na wasio na hatia wakitukana, lakini mtu anayekimbilia lawama kabla hajasukumwa huwa amemficha mtu mgongoni. Alimwacha aende, na akamkasirikia kidogo. Hakuwapenda watu wanaoifanya kazi ya polisi iwe ngumu kwa ajili ya wema.

Jeremiah alikuwa fundi wa jibini kutoka Limuru, kijana mwenye ndevu zilizochanwa na aproni nyeupe isiyo na doa. Alikuwa amealikwa awafundishe wenzake jinsi ya kukomaza jibini bila kuoza.

"Ulimpa Truphena chupa?"

"Nilimpa."

"Kwa nini yeye peke yake, na kuna watu ukumbi mzima?"

"Ndiye aliyeuliza maswali. Wengine waliuliza bei."

"Unalala wapi?"

"Lojing'i ileile ya wote, hapo ng'ambo ya barabara. Chumba changu kimepakana na cha Mzee Ryoba." Alisita. "Mzee anakoroma, afande."

Nyasuguta alimwambia atafute vikombe viwili. Katika kila kimoja yakatiwa maziwa ambayo mwenyekiti alikuwa ameletewa asubuhi hiyo hiyo kutoka Kehancha. Kimoja kilipata matone kutoka chupa ya mkobani, cha pili matone kutoka chupa iliyotumika jana. Vikawekwa karibu na jiko, mahali penye uvuguvugu. Mzee Ryoba aliitwa asimame hapo ashuhudie, akasimama na fimbo yake kama anayechunga mifugo.

Baadaye Jeremiah alichomeka kisu katika kikombe cha kwanza. Maziwa yalipasuka kwa mstari safi. Akachomeka cha pili, nacho vilevile.

"Dawa zote mbili ni za kweli," Nyasuguta alisema. "Hakuna aliyeiba kitu."

"Kama si dawa, basi ni maziwa," Ryoba alisema polepole. "Na maziwa ilikuwa ya watu wote. Hiyo ni mbaya kuliko wizi, sajini. Sasa wataangaliana hapa ndani kama wachawi."

Aliyosema yalikuwa kweli. Ukumbini minong'ono ilikuwa imeshahamia kwa mtu mwingine, na mtu huyo hakungoja kuitwa. Marcella aliusukuma mlango wa jikoni akiwa amevaa kitenge kipya na heleni ndefu, akavuta kiti akaketi.

"Niko hapa. Najua wamesema ni mimi."

"Wamesema una wivu na Truphena."

"Si wamesema kweli? Wivu ninao, sajini. Andika, na uandike na herufi kubwa." Alijipiga kifua. "Mimi na yeye tulianza hii kazi pamoja. Tulichoma vidole kwa sufuria moja. Leo ukitaja chizi ya Rangwe, watu wanasema Truphena. Huyu mwalimu amekuja kutoka mbali, anaangalia nani? Truphena. Chupa inapewa nani? Truphena! Nikipiga chafya hapa, wataambia Truphena pole."

"Mnaishi karibu?"

"Tumeolewa kwa ndugu. Kijaluo wake wa ndugu wanaitana nyieka, vile tu wake wenza wanaitana. Na wivu unaitwa nyiego. Si unasikia hayo maneno vile yanafanana? Wazee wetu hawakujisumbua kuyatenga."

"Nyieka na nyiego." Nyasuguta aliyarudia kwa ulimi wake wa Kikisii. "Kwa hivyo ulitia kitu kwa maziwa."

"Sikutia! Maziwa yangu ilikuwa humo ndani pia. Kama ningetaka kumwaibisha, ningengoja apike ya kwake peke yake."

Ilikuwa hoja nzuri, na Nyasuguta alipenda hoja nzuri hata zikitoka kwa mtu asiyempenda. "Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Roshani ya lojing'i. Nasafisha meno."

"Asubuhi yote?"

"Meno yangu ni mengi." Kisha Marcella akashusha pumzi. "Sawa. Nilitaka kuona kama atatoka na huyo mwalimu."

"Walitoka pamoja?"

"Walitoka, na Mzee Ryoba katikati yao na fimbo. Hakuna mtu anaweza kusengenya hiyo."

Emmaculate, ambaye alikuwa amejifanya anaosha sufuria ile moja tangu mwanzo wa mazungumzo, alimmiminia mgeni chai ili apate sababu ya kusogea karibu. Marcella alipiga funda, akakunja uso, akatema kwenye sinki.

"Wuui! Hii ni chai ama ni mrenda?"

Nyasuguta alikaa wima.

Mrenda. Alikuwa ameupika maisha yake yote. Ili mboga ile ilainike na kuteleza vizuri, sharti utie magadi. Na ladha ile iliyokuwa ulimini mwake tangu asubuhi, ule utelezi kama wa sabuni, haikuwa ladha ya majani mabaya ya chai. Ilikuwa magadi. Alijiona mjinga, akajikasirikia yeye mwenyewe badala ya mpishi.

"Emmaculate, una maziwa ya pakiti?"

"Iko moja."

"Pika turungi, chai bila maziwa. Igawanye kwa vikombe viwili. Kimoja tia maziwa ya pakiti, kingine tia hii umekuwa ukitumia tangu asubuhi."

Wote watatu walisimama juu ya vikombe hivyo. Kimoja kilipata weupe wa chai ya kawaida. Cha pili kiligeuka chekundu cheusi, na kila kilipozidi kutiwa maziwa ndivyo kilivyozidi kuwa na rangi ya matope.

"Hii maziwa ilitoka wapi?"

"Ni ile ya jana, madam. Sufuria kubwa ilijaa, ikabaki kwa mitungi ya Elkana. Nikaichemsha nikaweka kwa friji, nisitupe kitu ya watu."

Mambo yaliyobaki Nyasuguta aliyajua mwenyewe. Alipokuwa akifanya kazi Kisii mjini alikuwa amewakamata wachuuzi wa maziwa kwa hila hiyo hiyo. Maziwa yakianza kuchacha, mchuuzi hutia magadi kidogo. Uchachu unakufa, maziwa yanastahimili moto bila kukatika, na mnunuzi anaenda nyumbani akidhani amepata maziwa ya sasa hivi. Ndiyo maana kijiko cha Truphena hakikuona kitu. Alimwita Jeremiah, akamuuliza swali moja tu.

"Reneti inaweza kugandisha maziwa yenye magadi?"

"Haiwezi. Inahitaji uchachu kidogo ili ishike." Jeremiah alikitazama kikombe chekundu, na uso wake ukabadilika. "Yesu wangu. Hilo hata sikulifikiria."

Mitungi ya Elkana ndiyo iliyokuwa na maziwa mengi kuliko ya wote. Kikulacho ki nguoni mwako, Nyasuguta alijiambia, akatoka nje.

Elkana alikuwa ameketi kwenye pikipiki yake karibu na lango, na mitungi mitupu ya siku hiyo imefungwa nyuma. Alikuwa mchuuzi wa maziwa kabla mke wake hajaanza kuyageuza jibini. Sasa kazi yake ilikuwa kumletea. Maziwa ya leo alikuwa ameyakabidhi tangu asubuhi. Hakuwa na sababu ya kubaki, lakini alikuwa amebaki.

"Naambiwa jana ulifika hapa umechelewa," Nyasuguta alisema.

"Kidogo, madam. Nilipata pancha. Pale Rodi."

"Gurudumu gani?"

"Ya nyuma."

"Nani alikuzibia?"

"Fundi tu. Wa kando ya barabara. Simjui jina."

Nyasuguta aliitazama tairi ya nyuma, kisha ya mbele, kisha mikono ya Elkana iliyokuwa imeshika usukani wa pikipiki isiyokwenda popote. Njia ya mwongo ni fupi, na aliyekuwa akipiga meno mswaki juu ya roshani huenda aliona inapoishia. Mtu anayechungulia huwa hakosi kumwona mchunguliaji mwenzake.

Alimkuta Marcella bado jikoni.

"Jana ulipokuwa pale roshani, nani mwingine alikuwa anaangalia mlango wa lojing'i?"

Marcella alicheka, lakini kicheko hakikuwa na raha. "Sasa ndio umeuliza."

"Sema."

"Elkana. Alikuwa nyuma ya kibanda cha mahindi, amekaa kwa pikipiki, jua inapiga mitungi. Alikuwa anaangalia mlango ule ule naangalia. Sisi tulienda ukumbini, yeye akabaki hapo anaangalia madirisha."

"Na jana jioni bibi yake akiitwa mwizi, ukanyamaza?"

"Nilinyamaza." Marcella alichezea heleni yake. "Ilikuwa tamu, sajini. Nakuambia ukweli. Kumwona amesimama hapo, hakuna mtu anampigia makofi, ilikuwa tamu kama asali. Leo nimeamka, nimemwona amejifunga leso anafagia ukumbi wa watu waliomtukana. Haijakuwa tamu tena."

Kikao kilianza alasiri. Mzee Ryoba aligonga sakafu kwa fimbo, akaomba dua fupi, akampa sajini nafasi. Truphena aliketi mbele peke yake, kiti cha kulia kitupu na cha kushoto kitupu. Elkana alisimama mlangoni.

Nyasuguta aliviweka vikombe vya chai mezani, cheupe na chekundu, akaeleza kwa maneno machache: reneti haikuibwa, reneti ilikuwa nzima, na maziwa yaligoma kwa sababu yalikuwa na magadi. Kisha macho yakaanza kutembea, na mengi yakatua kwa Marcella.

"Msimwangalie Marcella," Nyasuguta alisema. "Elkana, njoo hapa."

Alikuja. Kutoka mlangoni hadi mezani ni hatua chache, lakini alizichukua kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

"Ulitia magadi?"

"Nilitia."

Mtu mmoja alipiga yowe. Ryoba akagonga fimbo.

"Lakini sikutaka kuiharibu!" Elkana alisema kwa haraka. "Nilitaka kuiokoa. Nilifunua mtungi nikasikia harufu, imeanza kuchacha. Nikasema Truphena akiona hii atakufa na aibu. Magadi nilikuwa nayo kwa begi, toka siku zile za kuuza. Nikaweka kidogo, ikakaa sawa. Sikujua chizi inataka kitu ingine. Haki ya Mungu sikujua."

"Kutoka Rangwe mpaka hapa si mbali," Nyasuguta alisema. "Maziwa ya asubuhi haiwezi kuchacha kwa njia hiyo. Ilichacha kwa nini?"

Elkana aligeuka kuutazama mlango.

"Ni ile pancha?"

Alitikisa kichwa. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye mdomo wa juu. Nyasuguta aliona kwamba mtu huyu alikuwa tayari kukubali kosa lolote isipokuwa hilo moja.

"Sema wewe, ama niseme mimi."

"Nilikuwa namchunga," Elkana alisema, akiitazama sakafu. "Bibi yangu. Juzi jioni akipiga simu, kila neno ni Jeremiah amesema hivi, Jeremiah amesema vile. Nikasema wacha nione huyo Jeremiah mwenyewe. Nikakaa hapo nyuma ya kibanda. Nikasahau maziwa." Akamgeukia sajini. "En nyiego, madam. Ni wivu tu."

Neno lile lile, kutoka kwa mtu wa pili siku hiyo. Hakuna aliyecheka, ingawa wengi walitaka. Jeremiah aliinama akaanza kuifunga upya aproni yake. Mzee Ryoba alikohoa.

"Kijana," alisema, "huyu mwalimu nimelala ukuta mmoja naye. Amegonga huo ukuta usiku wote akiniambia nigeuke."

Hapo wakacheka, na kicheko kilipoisha Truphena alikuwa amesimama.

"Nilijua ni magadi," alisema. Hakuinua sauti. "Jana jioni nilionja ile ilibaki, nikajua ni mkono yako. Sijakaa na wewe miaka hii yote nisijue mkono yako. Nikasema, sawa, amechoka na hii kazi yangu, ameamua kuivunja. Nikalia, nikakusamehe. Nilikuwa niende ndani juu yako, Elkana, na nisiseme jina lako."

"Mama Awuor..." Elkana alianza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Ngoja. Jana wakiniita mwizi, wewe ulikuwa wapi?"

Elkana alionyesha kwa kidole. "Hapo mlangoni."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Uliona afadhali niitwe mwizi, kuliko wewe uitwe mwenye wivu."

Hakukuwa na swali ndani ya maneno hayo. Machozi yalikuwa yakimtoka wazi, mwanaume mzima mbele ya kaunti mbili. Nyasuguta alifunga kalamu yake. Sheria haikuwa na kifungu cha jambo lile, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitamani ingekuwa nacho.

Ryoba aliuliza kama kuna mwenye neno kuhusu sufuria ya kikundi. Aliyenyoosha mkono ni Marcella.

"Iende kwake vile tulisema," alisema kwa hasira, kama anayetapika dawa. "Na wivu wangu uko pale pale, msidhani umeisha." Akaketi, safari hii kwenye kiti kitupu kilichokuwa upande wa kulia wa Truphena.

Truphena alitoka hadi langoni, akailegeza kamba ya pikipiki, akakagua mitungi mmoja mmoja kwa kunusa, akaifunga upya, imara kuliko mwanzo. Elkana alimfuata nyuma, mikono ikining'inia.

"Nenda, ng'ombe wanangoja kukamuliwa."

"Na wewe?"

"Mimi mafunzo yangu bado." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kesho maziwa ikichacha njiani, lete ikiwa imechacha. Sitaki uniletee ile umetengeneza."

Elkana aliwasha pikipiki. Truphena hakungoja kumwona akifika barabarani. Alikuwa ameshageuka, anaingia ukumbini akiuliza ni nani ana maziwa ya leo.